Wewe Kama Nani?

Msomaji, nianze na aibu yangu mwenyewe kisha nikupeleke mjini.

Mwaka jana niliona tangazo la kikao cha maoni kuhusu bajeti ya wadi yetu. Lilikuwa karatasi moja tu kwenye mlango wa ofisi ya chifu, herufi ndogo, saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Nikaenda kwa sababu sikuwa na kazi. Ukumbini tulikuwa kama watu arobaini, na wengi walikuwa wamekuja kwa ajili ya soda na mkate, siwalaumu. Mheshimiwa wetu akasoma orodha yake haraka haraka kama mtu anayekimbiza matatu. Kulikuwa na mamilioni ya geti jipya na ukuta wa ofisi ya wadi. Mtaro wa sokoni, ule ambao mvua ikinyesha unatapika mpaka juu ya meza za mboga, haukuwa na hata senti.

Nikainua mkono. Nikauliza, hilo geti ni la kumzuia nani?

Watu wakacheka kidogo. Mheshimiwa hakucheka. Aliniangalia kutoka viatu mpaka nywele, akavuta kipaza sauti karibu na mdomo. "Kijana, unauliza kama nani? Uko na cheo gani hapa?" Sasa watu wakacheka kweli kweli. Nikaketi. Kusema ukweli, nilitamani sakafu ipasuke inimeze.

Jioni nikamsimulia mamangu akiwa anakatakata sukuma wiki. Hakunihurumia hata kidogo. "Wewe umeulizwa na mtu wa wadi," akasema. "Wangari aliulizwa na nchi nzima." Akaendelea kukata.

Sisi tuliozaliwa baadaye tunamjua Profesa Wangari Maathai wa miti na wa Tuzo ya Nobel, yule wa picha akitabasamu na kilemba chake cha rangi. Tunamjua akiwa ameshashinda. Mamangu anamjua mwingine: yule wa mwaka 1989, ambaye redioni alitajwa kama mgonjwa wa akili. Basi nikaanza kutafuta. Nimesoma nilichopata, nimeuliza wazee wa mtaa, na nimekwenda mara kadhaa kukaa palepale jambo lilipotokea, Uhuru Park.

Hebu nikueleze kwanza pale mahali. Uhuru Park ilifunguliwa mwaka 1969 na Mzee Kenyatta. Ni hekta kama 13 za nyasi, miti na ziwa dogo la mashua, kando ya barabara ya Uhuru Highway. Mamangu alikuja Nairobi akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akifanya kazi ya nyumba Kileleshwa. Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Angekwenda wapi? Sinema ni pesa, hoteli ni pesa, hata kukaa tu kwenye mkahawa ni lazima uagize chai. Uhuru Park haikumuuliza kitu. Unalala kwenye nyasi, unavua viatu, unakula mahindi yako, unapigwa picha na wale jamaa wa kamera ukiwa umeegemea mti kama bibi arusi. Picha hiyo tunayo mpaka leo, imeliwa na unyevu pembeni. Anasema pale ndipo mahali pekee mjini ambapo hakuna mtu aliyemwita "wewe msichana".

Sasa mwaka 1989 kukatoka mpango. Shirika la Kenya Times Media Trust, lililokuwa na mkono wa chama tawala cha KANU, lilitaka kujenga ndani ya bustani hiyo jengo la orofa 60. Sitini, bwana! KICC ambayo sote tuliiinulia shingo ilikuwa na orofa 28, na hata Johannesburg kwenye matajiri wa dhahabu jengo lao refu lilikuwa la orofa 50. Hili letu lingekuwa na makao makuu ya chama, ofisi za gazeti la Kenya Times, kumbi, maduka na maegesho ya magari 2,000. Na mbele yake, sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Ng'ambo tu ya Kenyatta Avenue, ndani ya Central Park, tayari kulikuwa na mnara wa Nyayo uliojengwa kuadhimisha miaka kumi ya utawala wake. Inaonekana mmoja haukutosha.

Gharama ilitajwa kuwa karibu dola milioni 200. Kwa bei ya dola ya mwaka ule, kama shilingi 20 hivi, hizo ni bilioni 4. Mshirika wa KANU katika shughuli hiyo alikuwa tajiri wa magazeti kutoka Uingereza, Robert Maxwell, lakini usidhani Maxwell alikuwa anakuja na gunia la pesa kama zawadi. Fedha nyingi zilitarajiwa kukopwa ng'ambo, serikali ikiwa mdhamini. Na serikali ikidhamini mkopo wa chama, msomaji, unajua mdhamini huyo anatoa wapi pesa mambo yakiharibika. Anatoa kwa mamangu. Kwenye sukari yake, sabuni yake, mafuta ya taa yake.

Hapa ndipo nadhani watu wengi husimulia hadithi hii vibaya. Wanasema Wangari alipigania miti. Alipigania miti, ndiyo, na hewa pia. Lakini ukifuata hoja zake za wakati ule utaona alikuwa anauliza habari ya pesa. Kenya tayari ilikuwa na deni zito la nje. Watu walikuwa na njaa, hospitali hazina dawa, vijana hawana kazi. Kwa nini nchi hiyo ikope mabilioni ili chama kipate ofisi za kioo? Na kama nchi hii inaweza kuwatengea ndovu na vifaru mbuga nzima nzima, kwa nini isiwaachie watu wa Nairobi kipande kimoja cha nyasi? Haya si maswali ya mti. Ni maswali ya bajeti.

Na aliyauliza vipi? Kwa barua. Hakuitisha maandamano, hakuwa na redio, hakuwa na gazeti. Mwezi wa Oktoba 1989 alikaa akaandika barua kwa mkurugenzi wa Kenya Times, akiuliza kama habari alizosikia ni za kweli na akiomba mradi usijengwe pale. Nakala zikaenda Ofisi ya Rais, tume iliyokuwa ikiendesha jiji, wizara ya mazingira, na mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyoko hapahapa Nairobi. Hakuna aliyejibu. Akaandika nyingine. Akamwandikia Balozi wa Uingereza, Sir John Johnson, akimtaka afikirie: je, Waingereza wangekubali mnara kama huo uchomoze katikati ya Hyde Park?

Kwa sisi tunaojifunza kuandika, jambo hilo lisitupite. Magazeti yalipopata habari, barua za wananchi wengine zikaanza kumiminika. Watu ambao hawakuwa wamewahi kusema kitu wakaandika kwa wahariri. Baadhi ya wasanifu majengo na mawakili wakatia sauti. Mamangu hakuandika, alisomea mpaka darasa la saba na aliogopa. Lakini anakumbuka kwamba tajiri wake alikuwa akimaliza gazeti, yeye analisoma jikoni akisubiri maji yachemke.

Tarehe 8 Novemba 1989 Bunge likajibu. Unaweza kudhani wabunge walisimama kueleza: jamani, pesa zitatoka huku, zitalipwa hivi, faida itakuwa hii. La. Waliahirisha shughuli zao ili wamjadili mtu mmoja ambaye hakuwemo mle ndani na hakuruhusiwa kujitetea. Shirika lake la Green Belt Movement, ambalo tangu 1977 lilikuwa limewapa akina mama wa mashambani kazi ya kukuza miche, likaitwa shirika la bandia. Yeye mwenyewe akakumbushwa kwamba ni mwanamke aliyeachika, ati yeye na wenzake ni kundi la wanawake walioachwa, watawezaje kukosoa jengo la serikali? Mwingine akasema kama anapenda sana kuwaandikia Wazungu, aende akaishi huko Ulaya.

Nimefikiria sana kuhusu hili la kuachika. Aliyekuwa mumewe alikuwa mbunge wa Lang'ata, aliyechaguliwa 1974. Talaka yao ilikuwa imefika kortini na magazetini miaka kumi kabla ya mambo ya mnara. Ina uhusiano gani na shilingi bilioni 4? Hauko. Ila ukishindwa kujibu hesabu, unamjibu mwenye kuuliza. Ndivyo nilivyojibiwa mimi kuhusu viatu vyangu.

Na hili la Wazungu ndilo linanichekesha mpaka leo. Kumwandikia Mwingereza mmoja barua lilikuwa kosa la kumfukuzisha mtu nchini. Kukopa na Mwingereza mwingine mamilioni ya dola ilikuwa maendeleo!

Tukumbuke pia wale wabunge walikuwa wabunge wa aina gani. Tangu 1982 sheria ilikuwa imesema chama ni kimoja tu. Katika uchaguzi wa 1988 watu walipiga kura ya mchujo kwa kupanga foleni nyuma ya wagombea au mawakala wao, ule mtindo wa mlolongo, kila mtu akiona jirani yake amesimama wapi. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Na wazee wetu watakuambia, kuna mahali foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu. Rais mwenyewe hakuwa na mpinzani. Hata hivyo walijiita wawakilishi wa watu, na yule mama aliyeandika barua akaitwa mtu asiyemwakilisha mtu yeyote. Ukitaka haki, yeye alikuwa amejaribu kuingia Bungeni mwaka 1982 kutoka kwao Nyeri. Alizuiwa kugombea, na kazi yake ya Chuo Kikuu ikapotea hapohapo, kwa kuwa alikuwa ameiacha ili agombee. Huyo ndiye mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya udaktari. Akabaki raia mtupu.

Siku saba baada ya mjadala ule, tarehe 15 Novemba, mradi ukazinduliwa rasmi pale bustanini. Ua ulikuwa umezungushwa. Mamangu anasema Jumapili moja alifika akakuta ua umekula upande ule aliokuwa akipenda kukaa, askari wamesimama. Akazunguka akakaa upande wa pili, kwenye jua. Hakukaa sana.

Wangari akaenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kusimamisha ujenzi. Kesi ikaangukia kwa Jaji Dugdale, na tarehe 11 Desemba 1989 ikatupwa. Sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mahakama haikusema mnara ni mzuri, wala kwamba fedha zipo. Ilisema huyu mama hana haki ya kusimama mbele yake. Jambo likihusu umma, anayeweza kushtaki kwa niaba ya umma ni Mwanasheria Mkuu wa serikali peke yake. Wewe mwananchi una maoni makali, sawa, lakini umeumizwa wapi wewe binafsi? Kiwanja si chako, nyumba yako haijaguswa.

Yaani, ukitaka kuishtaki serikali kwa niaba ya wananchi, mwombe wakili wa serikali aishtaki serikali. Ni kama kuku kumpelekea mwewe mashtaka ya mwewe.

Wewe kama nani? Ndilo swali lilelile, ila limevaa wigi.

Kesho yake ilikuwa Siku ya Jamhuri. Rais akahutubia taifa na hakumsahau. Alisema wanaopinga mradi wana wadudu kichwani. Akaongeza kwamba mwanamke wa Kiafrika anayefuata mila huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Mamangu alisikia hotuba hiyo kwenye redio ya jikoni. Anasema maneno ya wadudu yakawa mzaha wa mtaa mzima, hata watoto wakikosana wanaambiana wewe una wadudu kama Wangari. Viongozi wa chama cha akina mama, ambacho wakati huo kilikuwa kimeunganishwa na KANU, nao wakamkana hadharani. Nimemuuliza mamangu kama yeye pia alicheka. Alinyamaza kidogo. "Nilicheka," akasema. "Kila mtu alicheka. Ungeonekana vipi ukikaa bila kucheka?"

Serikali haikuishia kwenye maneno. Green Belt Movement ilikuwa na ofisi katika kibanda cha mbao kwenye ardhi ya serikali, wamekaa humo miaka mingi. Wakapewa saa 24 waondoke. Wakahamisha makabati, makaratasi na wafanyakazi mpaka nyumbani kwa Wangari, South C, nyumba ya kawaida ya mtaa. Waliokuwa wakipita barabarani walikuwa wanaona ofisi ya shirika zima imebanwa sebuleni.

Basi mnara ulikufaje? Ningependa kukuambia kwamba hoja nzuri ilishinda. Hadithi ingekuwa tamu. Lakini tukiwa wakweli, Bunge halikubadili mawazo, mahakama haikubadili, na Rais hakuomba radhi. Kilichotokea ni kwamba kelele zilivuka mpaka. Magazeti ya nje yakaandika, na wafadhili wakaanza kuuliza swali la aibu: mnatuomba msaada na mkono mwingine mnakopa mnajenga mnara? Januari 1990 serikali ikatangaza kwamba jengo litapunguzwa. Likapunguzwa, likanyamaziwa. Februari 1992 ua ukang'olewa bila hotuba wala tangazo. Mamangu hakumbuki siku yenyewe. Anakumbuka tu kwamba Jumapili moja alirudi mahali pake pa zamani.

Hili linanisumbua. Raia alipouliza kwa lugha ya kwao, katika mji wake, aliambiwa ana wadudu. Mwenye pesa ng'ambo alipokohoa, serikali ikasikia. Kuna rafiki yangu, tunakutana Jumamosi kusomeana kazi zetu, anasema basi barua za Wangari zilikuwa kazi bure, kilichoshinda ni dola. Sikubaliani naye. Bila zile barua, wenye dola wangejua nini? Wangeona michoro mizuri na sahihi ya waziri, na wangekopesha kama walivyokopesha mambo mengine mengi. Aliyejua mtaro uko wapi ni anayekaa karibu na mtaro. Ila namkubalia jambo moja: inauma kwamba barua ililazimika kuzunguka London ili ifike State House, na kutoka Uhuru Park mpaka State House ni mwendo mfupi wa miguu.

Na Maxwell? Novemba 1991 alipatikana amekufa baharini karibu na visiwa vya Canary, baada ya kutoweka kwenye mashua yake ya kifahari. Alipozikwa ndipo hesabu zake zikafunguliwa. Zaidi ya pauni milioni 400 zilikuwa zimetoweka katika hazina za pensheni za wafanyakazi wake, wapiga chapa na makarani waliokuwa wakikatwa mshahara kila mwezi. Huyo ndiye mshirika ambaye raia mmoja hakupaswa kumtilia shaka. Sisemi Wangari alijua, hakuna aliyejua. Nasema kuuliza hakugharimu kitu, na kutouliza kungeligharimu taifa. Kwa taarifa yako, shirika lile la Kenya Times Media Trust halikwenda mikono mitupu. Ndilo lililozaa kituo cha televisheni cha KTN mwaka 1990. Gazeti lenyewe, pamoja na ndugu yake wa Kiswahili Kenya Leo, siku hizi utalikuta kwenye maktaba tu.

Hazikupita siku nyingi tangu ua kuondoka, na nyasi zile zikapata kazi. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa kwenye pembe ya bustani, wakisusia chakula ili watoto wao waachiliwe. Wangari alikuwa nao. Pembe hiyo ndiyo tunayoiita Freedom Corner. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya akina mama wale wazee wakavua nguo mbele ya polisi, laana ambayo kila kijana aliyelelewa na bibi yake anaijua. Wangari alipigwa mpaka akazirai. Kama mnara ungekuwepo wangekaa wapi? Kwenye maegesho?

Halafu mambo yakaanza kupindukapinduka kwa namna ambayo ningeitunga katika hadithi fupi mhariri angeniambia nimezidisha. Desemba 2002 Wangari alichaguliwa mbunge wa Tetu kwa asilimia 98 ya kura, kura ya siri, hakuna foleni nyuma ya mtu. Tarehe 30 ya mwezi huohuo Moi alikabidhi madaraka kwa Mwai Kibaki, na alikabidhia wapi? Uhuru Park. Umati ulijaa mpaka kwenye miti. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ikatangazwa rasmi palepale. Ndani yake kifungu cha 70 kinasema mtu akienda mahakamani kutetea mazingira, hahitaji kuonyesha kwamba yeye au mtu mwingine yeyote amepata hasara au kuumia. Soma tena pole pole. Ni jibu kwa hukumu ya 11 Desemba 1989, miaka ishirini na ushee baadaye. Na kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha za serikali. Hiyo ndiyo sheria iliyoniita mimi kwenye ule ukumbi kuonja soda.

Nisimfanye malaika. Alipoingia serikalini 2003 alipewa unaibu waziri wa mazingira tu, na uchaguzi wa 2007 hakurudi Bungeni. Watu wa Tetu walikuwa na malalamiko yao, na walikuwa na haki ya kuyasema, kwa sababu sasa mheshimiwa alikuwa yeye. Alifariki 25 Septemba 2011. Alipewa mazishi ya kitaifa, na ibada ikafanywa Uhuru Park, Freedom Corner, jeneza lake likiwa la mianzi, mafunjo na magugu maji kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Mamangu alikwenda. Alisimama nyuma kabisa karibu na barabara, hakuona kitu isipokuwa migongo ya watu. Nilipomuuliza kwa nini basi alikwenda, alisema, "Nilikuwa nimecheka."

Wiki mbili baada ya kikao kile nikanunua karatasi. Nikaandika barua moja kwa mheshimiwa wetu, kwa heshima zote, nikiuliza gharama ya geti na ukuta ni shilingi ngapi, zabuni ilitangazwa wapi, na kwa nini mtaro uliondolewa kwenye orodha. Chini nikaandika nakala kwa nani na nani, kama nilivyosoma kwamba yeye alifanya. Karani wa bunge la kaunti. Idara ya fedha. Msimamizi wa wadi. Mwenyekiti wa soko, mama mmoja mkali sana, ambaye aliisoma mbele yangu kwa sauti wauzaji wote wakisikiliza, kisha akaniuliza kwa nini sikuandika pia habari za choo. Nikaongeza choo kwa kalamu.

Mpaka ninapoandika haya, ni miezi mitatu. Mwenyekiti wa soko ameibandika nakala yake kwenye nguzo, karibu na anayeuza nyanya, na imeanza kuchanika upande wa chini. Watu wameandika majina yao pembeni, wengine kwa kalamu ya mkaa. Nilihesabu juzi, yalikuwa 61. Jina la mamangu liko la nne. Geti limefika kimo cha kifua.

Mheshimiwa hajajibu. Wiki hii naandika ya pili.